Tumbo la Ng'ombe wa Mahari

Sikuwahi kumpenda yule ng'ombe. Nasema mapema asije mtu akadhani namlilia yeye. Alifika Bunia pamoja na mama yangu, siku mama alipokimbia kutoka huko juu milimani, upande wa Kpandroma, na katika kundi zima alilotuachia marehemu baba ndiye peke yake aliyesalia. Mama alimfunga nyuma ya jiko langu, katika parseli, kiwanja changu kidogo ambamo hata kuku wangu walikuwa wanagombania nafasi, na tangu siku hiyo nikawa naamka na harufu ya mavi puani. Mimi nauza vitenge sokoni. Wateja wakaanza kunusa hewa kila nilipowafungulia kitambaa. Nilimwambia mama kwamba mjini watu wanafuga simu, hawafugi ng'ombe, naye akaniangalia kama mtu aliyezaa mgeni.

Lakini yule ng'ombe alikuwa amebeba jambo zito kuliko yeye mwenyewe. Mdogo wangu wa kiume, anayechimba dhahabu Mongbwalu, aliishi na mke bila kutoa mahari. Vita vilikuwa vimemaliza ng'ombe wa pande zote mbili, wetu na wa wakwe, kwa hiyo kila mmoja akasema tutaona baadaye. Kisha mke akaugua, akafa. Na kwetu mwanamke hazikwi na watu ambao hawajamuoa. Baba yake, mzee mrefu mwenye koti zito asilolivua hata kwenye jua kali, alivuta kiti cha plastiki akakiweka kati ya jeneza na mlango, akakaa, akasema hakuna kaburi bila ng'ombe. Watu walimsihi, wengine kwa kupiga magoti, mpaka jua likaanza kushuka. Mwishowe akakubali binti yake azikwe, kwa sharti moja: tutoe ng'ombe mmoja mzima kabla ya mvua za kwanza. Ng'ombe akikosekana, mtoto aliyeachwa na marehemu angekuwa wake yeye, akae kwake na aitwe kwa ukoo wake. Mama alifika na ng'ombe baada ya mazishi hayo, lakini mzee akasema alikokuwa anakaa hakuna majani, tumlishe sisi mpaka atakapokuja kumkagua.

Mtoto huyo ni msichana, wakati ule ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Mimi sikujaliwa kuzaa. Alikuwa analala kitandani kwangu, ananiita tantini, yaani shangazi, na tukila samaki alikuwa ananiwekea kichwa kwa sababu aliamini mimi napenda kichwa. Sipendi kichwa cha samaki. Nilikila kila mara nikimshukuru. Basi anayetaka kujua kwa nini mwanamke wa vitenge alimaliza kiangazi kizima akihangaikia majani ya ng'ombe, sababu ndiyo hiyo.

Zamani majani hayakuwa kitu cha kununua hapa Bunia. Mtu aliyenunua majani alikuwa mvivu au tajiri. Ulikuwa unatoka na panga, unavuka mto, unakata mabingobingo yaliyokuzidi urefu, unarudi na mzigo kichwani, na hakuna aliyekuuliza kitu. Kisha watu wa vijijini wakaanza kuingia mjini na mifugo yao, wengine na mbuzi watatu, wengine na kundi, wakakaa pembezoni, na kila kilichokuwa kijani kando ya barabara kikaliwa mpaka mizizi. Kwenda mbali zaidi, kwenye wenye bunduki, kukawa ni kwenda kutafuta kifo. Hata maganda ya mihogo, ambayo wanawake walikuwa wanayamwaga mtaroni, yakaanza kupangwa mafungu sokoni, na matembele tuliyokuwa tunampa mbuzi tukawa tunayapika wenyewe.

Muuzaji wetu wa majani alikuwa mwanaume mwembamba mwenye baiskeli isiyo na breki. Alikuwa anapita asubuhi akiita mlangoni, na mimi nilikuwa nagombana naye kila siku, kwa sababu fungu lake lilikuwa linapungua na bei inapanda. Isitoshe, alikuwa na ujanja wa kulinyunyizia maji lionekane bichi, na katikati anaficha mabua makavu. Nilikuwa nafungua fungu lake mbele ya watu, natoa bua moja moja, namwonyesha. Siku moja alinisubiri nimalize, akapangusa jasho.

"Mama, fungua tu, fungua yote. Zamani siye tulikuwa tunakata apa karibu. Sasa iyo fasi imebakia udongo tu. Tunavuka muto, tunaenda kule kwenye watu wanauwawa. Kama weye unaona bei iko mingi, kamata mupanga, enda. Ukirudi na kichwa yako, tutaongea bei."

Nilimlipa nikiwa nimenuna. Baada ya wiki chache hakuonekana. Nikadhani amepata wateja wasio na mdomo kama wangu. Kisha asubuhi moja nikasikia sauti ya mwanamke ikiita mlangoni. Baiskeli ilikuwa ileile, na aliyeishika alikuwa mke wake, amefunga kitambaa cheusi kichwani. Fungu lilikuwa nusu ya lile la mumewe na alitaja bei ileile. Nililichukua bila kulifungua, nikaingia ndani, nikakaa juu ya kitanda nikijichukia na kumchukia ng'ombe.

Mama naye alianza kunichosha. Alikuwa anaongea na yule mnyama kuliko alivyoongea na mimi. Alimpunguzia chakula akimwomba radhi, na majani yakiisha, alimkunia pembe na kumwambia avumilie. Mbavu zilikuwa zinahesabika. Ngozi ya nyonga ilishuka kama nguo iliyotundikwa msumarini. Mjukuu wa mama naye, akitoka shuleni, alikuwa anapita akiinama kando ya mitaro akiokota kila jani, anakuja na kiganja kimoja cha nyasi zenye vumbi, anamlisha kwa mkono. Nilimkataza kwa sababu ya uchafu wa mitaro. Hakunisikia, na sikuwa na nguvu ya kumchapa mtu anayehangaikia mahari ya mama yake.

Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta jiko langu halina paa upande mmoja. Mama alikuwa amepanda juu ya pipa, katika umri wake ule, anang'oa manyasi ya paa, manyasi yaliyokauka miaka na kuwa meusi kwa moshi, na chini ng'ombe anatafuna amefumba macho.

"Mama! Unabomoa nyumba yangu?"

"Nabomoa jiko," akasema bila kugeuka. "Nyumba iko na mabati. Ngombe haikulake mabati."

Nilicheka, nakiri. Nilicheka mpaka nikashika ukuta, halafu kicheko kikageuka kitu kingine nikaingia ndani nisionekane. Jioni tulipika tukiwa tumekaa chini ya anga.

Nilimpigia mdogo wangu, anayeniita Yaya kwa sababu mimi ni dada yake mkubwa. Nyuma ya sauti yake mashine ilikuwa inanguruma.

"Yaya, usikasirike. Shimo yetu iliingia maji. Tukimaliza kuvuta maji, nitatuma."

"Mwaka uliopita shimo lilikuwa na mawe," nikamwambia. "Mwaka huu lina maji. Mwakani litakuwa na nini?"

"Yaya, mulishe ngombe tu. Iyo ngombe ni mutoto wangu."

Aliposema hivyo nilikata simu. Mwenye mtoto alikuwa umbali wa kilomita nyingi, amekaa ndani ya shimo, na mimi ndiye niliyekuwa najua mtoto anapenda chai isiwe na majani mengi. Lakini hasira haikamui maziwa wala haioteshi nyasi. Niliuza vitenge vyangu vizuri, vile nilivyokuwa nimeviweka kando, na vyote vikaingia mdomoni mwa ng'ombe.

Hatimaye mawingu yakaanza kukusanyika mchana, na mzee wa upande wa pili akatuma ujumbe. Alikuwa anakaa kwenye kambi ya waliokimbia, kandokando ya barabara ya Komanda. Alisema atakuja kesho yake na pikipiki kumwangalia ng'ombe, na akimkubali, watu wake watakuja kumchukua kwa miguu.

Hapo ndipo mama alipobadilika. Kwetu ng'ombe wa mahari hatolewi na tumbo tupu. Tumbo lake ndiyo salamu, linawaambia wakwe kwamba binti yao hakuishi na njaa kwetu. Wazee wakija hawaangalii pembe wala rangi kwanza. Wanasimama upande wa kushoto wa ng'ombe, wanatazama pale penye bonde, kati ya ubavu wa mwisho na nyonga. Bonde likiwa limejaa, wanaketi na kuomba maji ya kunywa. Likiwa limeingia ndani, wanaondoka bila kuaga, na hayo ni matusi ambayo familia haiyasahau. Bonde la ng'ombe wetu lilikuwa linaweza kuficha ngumi mbili.

"Huyu mzee anajua hali ilivyo," nikamwambia mama. "Kila mtu anajua majani hakuna. Ataangalia mifupa ataelewa."

"Ataelewa nini? Ataelewa kama binti yake alikufa na njaa mu nyumba yangu." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Hapana. Ngombe ya mahari haiendake na tumbo ya wazi."

Na ukweli ni kwamba na mimi nilitaka. Nilitaka yule mzee aliyekaa kati ya jeneza na mlango asimame kwetu na akose la kusema. Tulitoka pamoja tangu mchana. Kwa mke wa muuzaji tulichukua mafungu yote aliyokuwa nayo, akatutazama kama watu walioshinda bahati nasibu. Kwa mwanamke mmoja mwenye shamba bondeni tukapata matembele, gunia zima la matembele mabichi, laini, yanayotoa maji ukiyavunja. Kwa wanawake wanaopika mandale, ile pombe yetu ya mahindi, tukapata ndoo ya machicha yakiwa bado na uvuguvugu. Mama akaweka chumvi ili ng'ombe apate kiu, na maji akayaweka karibu.

Sijawahi kumwona kiumbe anakula vile. Alianza na matembele, akashusha kichwa ndani ya gunia, hakukitoa. Mama alisimama kando akimpigapiga mgongoni, akimwimbia polepole nyimbo za machungani ambazo sikuwa nimezisikia tangu utoto wangu. Mtoto alikuwa anapiga makofi. Majani makavu ya mke wa muuzaji ng'ombe hakuyataka, aliyasukuma na pua akarudi kwenye machicha, na sisi tukacheka kwamba amekuwa bibi wa mjini, anachagua. Jua lilipozama bonde lilikuwa limejaa. Mama alilipapasa kwa kiganja, akasema sasa waje.

Asubuhi ni mtoto aliyetoka wa kwanza. Akarudi ndani mbio, uso unang'aa.

"Tantini, ngombe iko na mimba!"

Nilitoka na kanga kifuani. Upande wa kushoto ulikuwa umeinuka kuliko uti wa mgongo. Ngozi ilikuwa imevutika mpaka inang'aa. Alikuwa amesimama miguu imepanuka, shingo amenyoosha mbele, ulimi nje, na kila pumzi ilikuwa inatoka na mlio. Mama alishamwona. Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani, anasema jina la baba yangu.

Tulifanya yale watu wanayofanya. Tulimmiminia mawese mdomoni, mengi yakamwagika kwenye miguu yetu. Tulimfunga kijiti kinywani ili acheue. Tulimvuta atembee, akapiga hatua mbili akakataa. Niliita yule anayejiita daktari wa mifugo mtaani kwetu, simu yake ikawa imezimwa. Majirani walianza kuingia, na wengine walikuwa wamekuja na mabeseni, wanayaficha nyuma ya mgongo kwa heshima. Niliwafukuza kwa maneno ambayo siyaandiki hapa.

Ndipo pikipiki ikaingia na yule mzee. Alishuka na koti lake, akatazama mara moja tu. Hakusalimia. Alilivua lile koti, akalitupa chini kwenye mavi, na kwa sauti ya mtu mwenye ng'ombe wake akasema:

"Kisu! Mulete kisu ya kukata!"

Nikampa kisu changu cha jikoni. Alipima kwa vidole kutoka ubavu wa mwisho, kutoka nyonga, kutoka mgongo, pale palepale ambapo angesimama kutukagua, akachoma. Tulisubiri hewa itoke. Haikutoka hewa, lilitoka povu, povu la kijani lenye harufu ya pombe, linachuruzika polepole kama maziwa yanayofurika sufuriani. Akazungusha kisu, akaingiza vidole viwili, povu likaziba. Jasho lilikuwa linamtiririka hadi kwenye ndevu.

"Mulimupa nini?"

"Matembele," mama akasema. "Na machicha."

"Ya mubichi?"

"Ya mubichi."

"Na alikuwa na njaa ya siku mingi." Hakuwa anauliza. "Povu haitokake, mama. Hewa inatoka, povu haitokake."

Lakini hakuacha. Aliendelea kusukuma kwa ngumi, kwa goti, akimsemesha ng'ombe kwa lugha ya nyumbani, akimsihi, yule mzee ambaye angefaidika zaidi ng'ombe akifa. Nilimtazama na sikuelewa nimchukie vipi. Ng'ombe alikunja miguu ya mbele kana kwamba anataka kupumzika, akalala ubavu, akatikisika, basi.

Mtoto ndiye aliyemletea maji ya kunawa. Alimshikia birika, mzee akanawa damu na povu, na alipomaliza aliweka mkono wenye maji juu ya kichwa cha mjukuu wake, akauacha pale. Nikaona jinsi pua zao zilivyofanana.

"Mama," akamwambia mama yangu, "weye unajua mambo ya kwetu sawa vile miye naijua."

"Naijua," mama akajibu.

Mimi nikaruka. Nilisema ng'ombe alikuwepo. Nilisema alikuwa mzima mpaka jana, kila jirani ni shahidi, kwamba tulimlisha paa la nyumba yetu, kwamba mtu alikufa akimtafutia majani. Nilisema tumempoteza kwa sababu ya kumheshimu yeye, yeye na bonde lake la ubavuni. Nilikuwa napiga kelele kwa mkwe, jambo ambalo kwetu halifanyiki, na mama hakunizuia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini, binti yangu. Yote naiamini. Lakini jana miye sikukuwa apa."

Nikampigia mdogo wangu. Nikamweleza mbele ya wote. Mashine ikaendelea kunguruma kule aliko, kisha akasema taratibu, "Yaya, muache aende. Nitamufata." Alisema vile kama mtu anayezungumzia mzigo uliosahaulika kwenye gari. Simu nikaiweka chini, kioo chake kikitazama udongo.

Nguo za mtoto ziliingia zote katika mfuko mmoja wa plastiki. Alitaka kuvaa sare ya shule kwa sababu alikuwa na mtihani, na nikamvalisha sare, nikamfunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Aliniuliza kama kule kambini kuna shule. Nilimwambia iko. Sikujua kama iko.

Nilipotoka naye mkononi, nilimkuta mzee amesimama mbele ya ukuta, anatazama mafungu ya majani makavu ambayo ng'ombe hakuyataka. Hatukuwahi kuwa na majani mengi vile tangu kiangazi kianze. Aliona aibu kunitazama, kwa hiyo akaongea na mama.

"Mama... ile majani yenye ilibakia. Kwangu kule kuko katoto ya ngombe kamoja. Mama yake ilikufa. Nako kanakufa."

Nilitaka kuyawasha moto, naapa. Nilikuwa tayari natafuta kiberiti kwa macho. Lakini mama alikuwa ameshainama. Aliyakusanya yote, akayapanga shina kwa shina kama wanavyopanga watu waliokulia machungani, akayabana kwa goti lake, akayafunga fungu moja kubwa.

"Muchukue," akasema. "Apa hakuna tena wa kuikula."

Dereva alilifunga nyuma ya pikipiki kwa mipira, akavuta mara mbili kuhakikisha. Kisha akapanda, mtoto akawekwa katikati, na mzee akakaa nyuma yake, koti lake lenye mavi limekunjwa mapajani. Nilimshika mtoto mguu, kiatu cha shule, mpaka pikipiki ilipoanza kusogea na ikabidi niachie. Walitoka getini wakashika barabara. Sijui kama aligeuka kuniangalia, kwa sababu lile fungu lilikuwa pana kuliko mgongo wa babu yake, na nilichokiona mpaka wakakata kona kilikuwa majani.